Taa ya dari: ya balbu ya kubadilisha au ya LED ya kipande kimoja?

Orodha ya vifaa ambayo fundi umeme humkabidhi mwenye nyumba inayomaliziwa siku hizi huwa na mstari mmoja unaopita bila kuulizwa: paneli (taa bapa za LED) za wati 12, kisha idadi yake. Zamani mistari hiyo ilikuwa miwili, mmoja wa holda na mwingine wa balbu, na kila mtu alijua kwamba holda hubaki na balbu huisha. Sasa vitu hivyo viwili vimekuwa kimoja, na swali ambalo zamani halikuwapo limezaliwa: taa hii itakapozima, ni nini hasa kitakachotolewa darini, nani atakitoa, na kitakachowekwa mahali pake kitapatikana wapi? Swali hilo ni rahisi kulijibu kabla ya dari la jipsamu kutobolewa. Baada ya hapo majibu hupungua.

Taa za dari zilizopo madukani ni za namna mbili. Ya kwanza ni taa yenye holda, iwe ya pini (B22) au ya skrubu (E27), au fremu ndogo ya spotilaiti inayopokea balbu ya GU10, yaani balbu ndogo ya vijiti viwili inayofungwa kwa kuzungushwa. Humo mtu huweka balbu ya LED aitakayo, na ikifa huitoa kwa mkono wake. Ya pili ni taa ya kipande kimoja, ambayo chipu zake za LED, yaani vile vipande vidogo vinavyotoa mwanga, zimechomelewa kwenye bamba lililomo ndani ya taa yenyewe, haina holda, na kwa nia ya mtengenezaji chipu zikifika mwisho taa nayo imefika mwisho. Paneli nyembamba za duara na za mraba, daunlaiti nyingi (taa zinazozamishwa ndani ya dari), taa bapa za kubandika juu ya dari na yale mapambo ya sebuleni yenye pete za mwanga zinazoning'inia ni za namna hii ya pili.

Hata hivyo, mgawanyo huo si mkali kama unavyoonekana. Kila balbu ya LED, hata ya bei ndogo kabisa, ni taa ya kipande kimoja iliyofanywa ndogo: ina chipu zake, ina bamba lake, na shingoni mwake kimefichwa kifaa cha kugeuza umeme. Ikifa hutupwa yote. Kwa hiyo katika taa zote mbili kuna kitu kinachotupwa kikiwa kizima-kizima. Kinachotofautiana ni ukubwa wa kitu hicho, na mahali kinapoachana na nyumba. Balbu huachana na nyumba kwenye holda, ambayo vipimo vyake havijabadilika kwa zaidi ya miaka mia moja na hutengenezwa na viwanda visivyohesabika. Paneli huachana na nyumba kwenye tundu la dari na ncha mbili za waya, na vipimo vya tundu hilo kila kiwanda hujiamulia.

Ili kujua kipi hufa kwanza, hatuna budi kuangalia ndani. Umeme unaofika nyumbani Tanzania ni wa mkondo geu (AC), wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, ilhali chipu moja ya LED nyeupe hutaka volti 3 hivi za mkondo mnyoofu (DC), tena mkondo uliodhibitiwa usipande. Kazi ya kuugeuza umeme huo hufanywa na kifaa ambacho mafundi wanakiita draiva. Katika balbu draiva imo shingoni. Katika paneli za kawaida draiva ni kijisanduku cha plastiki kilichounganishwa kwa waya mfupi, kinacholazwa juu ya dari. Katika taa za bei nafuu za kubandika, vipande vichache vya draiva vimechomelewa kwenye bamba lilelile la chipu, na hapo hakuna cha kutenganisha.

Maboksi ya taa hizi huandikwa saa 25,000, mengine 50,000. Ukiwasha taa saa tano kila usiku, saa 25,000 ni miaka 13 na ushei, na mnunuzi akisoma hivyo huona suala la kubadilisha balbu limekwisha. Lakini saa hizo huhesabiwa hadi wakati ambapo mwanga unatarajiwa kushuka na kufikia asilimia 70 ya ulivyokuwa mwanzo, na makadirio yake husimama juu ya kipimo cha chipu, si cha taa nzima. Kwa utaratibu unaotumiwa sana, chipu huwashwa maabara kwa saa zisizopungua 6,000, kisha kushuka kwa mwanga wake hukadiriwa mbele kwa hesabu, na hesabu hiyo hairuhusiwi kuvuka mara sita ya muda uliopimwa. Utaratibu huo ni wa kitaalamu na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na boksi linalochukua saa za chipu na kuzifanya saa za taa, huku draiva haikutajwa popote.

Kwa kawaida draiva ndiyo hufa kwanza. Ndani yake kuna kapasita, kipande cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi, yenye umbo la pipa dogo, ambayo ndani mwake mna kimiminika, na kimiminika hicho hukauka polepole kadiri ya joto. Kanuni wanayoitumia wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita hiyo kwa nusu. Kapasita ambayo ingedumu miaka minane mahali penye nyuzi 60 hudumu miaka minne kwenye nyuzi 70. Ndiyo sababu taa mbili za boksi moja, zilizofungwa siku moja, moja kwenye varanda inayopitisha upepo na nyingine kwenye korido iliyo chini ya bati, hazifi pamoja.

Joto la LED lina tabia ambayo watu wengi hawaitarajii. Balbu ya zamani ya waya mwembamba ilitupa joto lake mbele pamoja na mwanga, ndiyo maana iliunguza mkono. LED mwanga wake huenda mbele ukiwa baridi, lakini joto hubaki nyuma ya chipu na sharti lipitishwe kwenye madini hadi hewani. Hapa taa ya kipande kimoja iliyotengenezwa vizuri inaishinda balbu kwa haki kabisa: ina mgongo mpana wa aluminiamu, na chipu zake zimetawanywa, wakati balbu imebana chipu na draiva katika kipande kisichozidi ngumi ya mtoto. Balbu hiyo ukiifungia ndani ya bakuli la kioo lisilo na upenyo, umeipa mateso ambayo boksi lake lenyewe mara nyingi linayakataza kwa maandishi madogo. Anayelalamika kwamba balbu za LED zinamfia kila baada ya miezi michache aanze kwa kuutazama mfuniko wa taa yake kabla ya kuilaumu balbu.

Sifa hiyo ya taa ya kipande kimoja, hata hivyo, hutegemea madini yaliyomo. Paneli ya wati 18 iliyo nyepesi kama kifuniko cha ndoo, yenye mgongo wa bati jembamba au wa plastiki, haina njia ya kutolea joto na haiwezi kufaidika na upana wake. Inyanyue dukani kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine unyanyue nyingine ya wati zilezile. Tofauti ya uzito itakueleza mengi kuliko muuzaji.

Umeme wenyewe nao una mchango. Katika maeneo mengi ya kwetu umeme hushuka jioni, hukatika, na unaporudi huja kwa kishindo cha volti kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kishindo hicho huumiza draiva ya balbu na ya paneli bila kubagua, na kuzima swichi za taa umeme unapokatika hadi urudi na kutulia ni kinga isiyo na gharama. Tofauti huonekana kesho yake. Aliyeunguliwa na balbu nne hununua balbu nne duka la jirani na usiku nyumba inawaka. Aliyeunguliwa na paneli nne anampigia simu fundi.

Mara nyingi uamuzi hufanywa kwa kigezo cha umeme unaoliwa, nacho ni kigezo kisichofaa hapa. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), na ikiwashwa saa tano kila siku ilikula uniti 110 kasoro kidogo kwa mwaka. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga huohuo kwa uniti 16 na nusu. Hapo ndipo akiba ilipo, na imekwishapatikana mara tu ulipoachana na balbu ya waya. Ukichukua paneli ya wati 12 badala ya balbu ya wati 9, utaongeza uniti tano na nusu kwa mwaka, ambazo kwa bei ya shilingi 350 hivi za Tanzania kwa uniti hazifiki shilingi 2,000. Kiasi hicho hakitoshi nauli ya fundi kuja na kurudi. Gharama ya kweli ya taa ya kipande kimoja ni ya siku ya kuiondoa: fundi, ngazi, taa mpya nzima, na pengine rangi ya dari pale ambapo pete ya taa mpya haifuniki alama ya ile ya zamani.

Tena taa za dari haziwekwi moja moja. Sebule ya kawaida yenye dari la jipsamu huwa na daunlaiti sita, nane, au zaidi, zikiwa zimepangwa mstari. Mwaka wa tatu mojawapo ikifa, mwenye nyumba huenda dukani na kukuta kwamba aina ile haiji tena. Iliyopo ina ukingo mpana zaidi, tundu lake ni la milimita 150 ilhali la kwake ni 120, au maandishi ni yaleyale ya Kelvini 6500, kipimo cha rangi ya mwanga, lakini mwanga wake umeelekea ubuluu zaidi ya zile saba zilizobaki. Macho ya binadamu hayajali sana kama sebule nzima ni nyeupe au ya manjano, ila taa moja iliyotofautiana na wenzake huyasumbua kila siku. Kumbuka pia kwamba tundu la jipsamu hupanuka kwa msumeno, lakini halipungui. Kwa sababu hiyo, anayeamua kuweka taa za kipande kimoja mahali zinapoonekana kwa pamoja anunue mbili za ziada siku ileile, za boksi lilelile, azihifadhi kabatini.

Taa za kipande kimoja zinazobadilisha rangi tatu, yaani nyeupe, ya kati na ya manjano, zina kero yake ya pekee. Nyingi hubadilika kwa kuzimwa na kuwashwa haraka kwenye swichi, na kwa kuwa draiva haijui kutofautisha kidole cha mwenye nyumba na umeme uliokonyeza, sebule inaweza kugeuka ya manjano katikati ya taarifa ya habari. Zikiwa nane kwenye swichi moja, hutokea baadhi zikageuka na nyingine zikabaki.

Katika familia hii ya taa za kipande kimoja, kuna tofauti moja ambayo kwangu ina uzito kuliko ya holda na isiyo holda: je, draiva iko nje au ndani? Paneli yenye draiva ya nje, iliyounganishwa kwa plagi ndogo ya duara, haiko mbali sana na taa ya balbu. Ikizima, hatua ya kwanza ni kuzima swichi kuu, kuishusha kwa kubana zile springi mbili, kuichomoa draiva na kuchomeka ya paneli ya chumba kingine iliyo ya aina ileile. Ikiwaka, paneli ni nzima na kilichokufa ni kijisanduku. Draiva peke yake huuzwa madukani kwa bei iliyo sehemu tu ya bei ya paneli, na kinachotakiwa ni kusoma lebo yake. Upande wa kuingiza umeme kwa kawaida huandikwa AC 85–265V. Upande wa kutolea huandikwa, kwa mfano, DC 24–42V, 300mA. Namba ya miliampea (mA), yaani kiasi cha mkondo, ndiyo isiyokubali mchezo: ikiwa ya zamani ilikuwa 300mA, mpya iwe 300mA, kwa kuwa draiva ya 450mA itazisukuma chipu zilezile kwa nusu zaidi ya zilivyokusudiwa, ziwake vizuri kwa muda na kuungua. Ile nafasi ya volti, ya 24 hadi 42, inatosha tu iwe inayajumuisha mahitaji ya paneli. Anayenunua kwa kulinganisha wati pekee hubahatisha.

Draiva ikiwa imechomelewa kwenye bamba la chipu, hesabu hubadilika. Humo chipu huwa zimepangwa kwa mfuatano, umeme unapita ya kwanza kwenda ya pili hadi ya mwisho, na moja ikikatika bamba zima huzima. Ukifungua kifuniko cha plastiki utaiona: ina kitone cheusi katikati ya rangi ya manjano. Wako mafundi wanaoiruka chipu hiyo kwa tone la risasi ya kuchomelea, na taa huwaka tena. Sitawakataza, lakini mwenye nyumba aelewe kwamba chipu ile haikufa peke yake. Ilikufa kwa joto ambalo jirani zake nao wamelila kwa muda uleule, na hatari ya mkono kugusa bamba hilo ni ya volti kamili za ukutani, kwa sababu taa nyingi za namna hii hazitenganishi umeme wa ndani na ule wa laini.

Umoja wa Ulaya, katika kanuni zake za mwaka 2019 zilizoanza kutumika Septemba 2021, uliwataka watengenezaji wahakikishe kwamba chanzo cha mwanga na draiva vinaweza kubadilishwa kwa vifaa vya kawaida bila kuiharibu taa, isipokuwa pale penye sababu ya kiufundi. Kabla ya hapo, mwaka 2010, kampuni za taa zilikwishaunda muungano uitwao Zhaga ili vipande vya LED viwe na vipimo vya pamoja kama ilivyo kwa holda. Kwa mnunuzi wa Kariakoo au wa Mombasa mambo hayo bado ni ya mbali, lakini yanaonyesha kwamba lalamiko la taa isiyofunguka si la watu wa kwetu peke yao.

Nyumba moja haihitaji jibu moja. Bafuni, ambako mvuke hupanda kila asubuhi, na barazani, ambako kumbikumbi na mbu hujaza kila bakuli la kioo kwa msimu mmoja wa mvua, taa ya kipande kimoja iliyozibwa vizuri ni bora. Tafuta iliyoandikwa IP44 kwa bafu na IP65 kwa nje, alama za kiwango cha kuzuia vumbi na maji. Kwa waishio karibu na bahari, Tanga, Unguja, Lamu, chumvi ya hewani hula shaba ya holda na springi zake hadi balbu isishike, na hapo taa iliyozibwa ina hoja ya pili. Dari likiwa la chini kiasi kwamba balbu ikining'inia inagusa kichwa cha mrefu, paneli nyembamba haina mpinzani.

Ngazi ni habari nyingine. Taa inayoning'inia juu ya ngazi za ghorofa, mahali ambapo hata kuifikia ni mradi wa jukwaa, watu huichagulia taa ya kipande kimoja kwa hoja kwamba haitafikiwa mara kwa mara. Mimi naona kinyume chake. Taa ya hapo itakapokufa, na itakufa, kazi ya kubadilisha balbu kwa fimbo ndefu ya kubania huisha dakika chache bila kugusa waya, ilhali kufungua konekta na kufunga taa mpya juu ya ngazi kunataka watu wawili na umeme uliozimwa. Vyumba vya kulala, korido na nyumba yoyote ya kupangisha navyo ningevipa holda: mpangaji anaweza kujinunulia balbu, lakini hawezi kutoboa dari la mwenye nyumba, na mwenye nyumba aliye mkoani hataki kupigiwa simu kwa ajili ya mwanga.

Sebule ndiyo yenye mvutano wa kweli, kwa kuwa hapo mtu anataka uzuri wa dari bapa na bado anataka urahisi. Suluhisho lipo, ingawa wauzaji hulitaja mara chache: fremu za daunlaiti zinazopokea balbu ya GU10. Kwa aliye chini zinaonekana kama daunlaiti yoyote, balbu yake hutumia volti 230 moja kwa moja bila transfoma, hutoka kwa kuizungusha robo, na rangi ya mwanga inaweza kubadilishwa kwa sebule nzima kwa kununua balbu tu. Usizichanganye na zile za MR16 zenye vijiti viwili vyembamba, ambazo hutaka volti 12 na transfoma juu ya dari. Udhaifu wa GU10 ni kwamba mwanga wake hulenga chini kwa pembe finyu, hivyo zinahitajika nyingi kidogo, au zisaidiwe na taa moja ya katikati yenye mwanga mpana.

Na kwa ambaye dari lake tayari limejaa paneli? Hakuna sababu ya kuzing'oa zikiwa zinawaka. Mwambie fundi akushushie moja, upige picha lebo ya draiva, upime kipenyo cha tundu kwa milimita na uandike Kelvini zilizomo, kisha ununue draiva mbili za akiba zinazolingana. Siku paneli yenyewe itakapokufa na ya kufanana ikakosekana, hamisha nzima moja kutoka korido au stoo iende sebuleni, na lile tundu la korido liwekewe fremu yenye ukingo mpana na holda ndani yake, waya ukiachwa na urefu wa ziada wa kama shubiri moja juu ya dari ili atakayekuja baadaye asilazimike kuuvuta.